Msitupime Uzalendo kwa Mita ya LUKU

Buguruni,
Dar es Salaam.

Kwenu Waheshimiwa: waziri mwenye dhamana ya nishati, wabunge wa Mkoa wa Dar es Salaam, na wote mnaokaa mezani pale bei ya umeme inapopangwa.

YAH: SWALI LANGU LA TRANSFOMA NA JIBU NILILOPEWA

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni fundi umeme. Nilianza kupanda ngazi mwaka 1998, na mpaka leo riziki yangu inatoka kwenye mapaa na kuta za watu wa Buguruni, Vingunguti na Tabata. Sina chama ninachokitafutia kura. Naandika kwa sababu nilinyoosha mkono mkutanoni nikauliza swali la ufundi, nikajibiwa kwa swali la uzalendo.

Ulikuwa mkutano wa mtaa, Jumamosi asubuhi, chini ya mwarobaini. Mgeni wetu alikuwa ofisa mmoja, na ofisi yake nitaiacha bila kuitaja maana ugomvi wangu hauko na kibao cha mlangoni. Alizungumza vizuri tu kuhusu bwawa la Rufiji: megawati 2,115, mitambo tisa, kila mmoja megawati 235. Tukapiga makofi, na mimi nilipiga kwa moyo mweupe. Kisha nikauliza: kama umeme umejaa kiasi hicho, kwa nini transfoma ya mtaa wetu inazidiwa kila ikifika saa moja jioni? Transfoma ile ni ya KVA 100, ndicho kipimo cha mzigo inaoweza kubeba. Iliwekwa wakati nyumba za hapa zilikuwa na taa nne na redio. Leo njia hiyohiyo ina saluni tatu, mashine ya kusaga, friji za soda kila duka, na ghorofa mbili zilizoota kama uyoga.

Yule bwana akanitazama, akatabasamu, akasema watu wa aina yangu hata umeme ukishushwa kutoka mbinguni watauliza nguzo iko wapi. Halafu akauliza uzalendo wangu uko wapi.

Waliokaa mbele walicheka. Nikakaa chini. Swali lile halina jibu, Waheshimiwa. Ukisema uzalendo unao, unaonekana unajitetea. Ukinyamaza, umekubali kwamba huna.

Jioni ileile, saa moja na dakika kama kumi, umeme ukakatika.

Tukahamia kijiweni, pale kwenye kona, benchi mbili na ubao wa bao, muuza kahawa na kibuyu chake cha tangawizi. Gizani watu husema ukweli zaidi, labda kwa kuwa hawaonani nyuso. Naomba niwapeleke pale, maana mjadala wa nishati mnaousikia Dodoma umevaa suti, na huu wa kwetu umevaa kandambili.

Mzee wetu mmoja, mstaafu wa kiwandani, aliyepita JKT enzi zile JKT haikuwa na mjadala, alinianza palepale. Kisa cha mkutano kilikuwa kimeshamfikia. "Wewe fundi," akasema, "bwawa lile lilipangwa Mwalimu akiwa Ikulu. Wataalamu wa Norwei wakaja, wakapima, makabrasha yakalala miaka arobaini. Kila tukitaka kuamka tunaambiwa tembo kwanza. Mwaka 2018 tukasaini na Wamisri, 2019 jiwe la msingi, Desemba 2022 maji yakaanza kujazwa, Februari 2024 mtambo wa kwanza ukaingia kwenye gridi. Zaidi ya trilioni sita na nusu, na hatukupiga magoti kwa mtu. Leo wewe unaniletea habari za transfoma?"

Sikumcheka, na nawaomba nanyi msimcheke. Mzee huyu anajua kibatari kinavyochoma kope. Kwake yeye uhuru ni nchi kutopangiwa na mtu wa nje lini iwashe taa, na bwawa ni Desemba 9 iliyomwagwa zege. Nikimsikiliza, hata mimi kifua kinajaa.

Lakini pembeni yake alikaa kijana mwenye duka la simu. Yeye ameweka paneli nne juu ya bati, betri mbili na inveta. Nilimfungia mimi mwenyewe. Duka lake lilikuwa linawaka peke yake mtaa mzima, na watu walikuwa wamepanga simu zao mle ndani kama samaki Feri. Yeye akasema uhuru kwake ni kutokuwa na mtu anayeweza kumzimia. Akasema akipata hela ya betri ya tatu, anawarudishia shirika la umeme mita yao.

Mzee akaruka. "Huo ni usaliti! Kila mwenye uwezo akijitoa, gridi watabaki nayo maskini. Nani atalipia bwawa?"

"Mzee wangu, shikamoo yako naiheshimu," kijana akajibu, "ila na jua nalo ni la Tanzania."

Kijiwe kizima kikalipuka kwa kicheko, ila mzee hakucheka, na dakika kumi zilizofuata hazikuwa nzuri. Neno usaliti likizungumzwa gizani linakaa muda mrefu hewani. Aliyelipoza ni mama anayekaanga chipsi pale jirani, aliyekuwa anapepea mkaa wake huku akitusikiliza. Akasema: "Nyie mnagombania uhuru wa nchi na uhuru wa bati. Uhuru wangu mimi uko kwenye hili kopo. Nikiwa na elfu moja nanunua mkaa wa elfu moja. Nikiwa na mia tano, napata wa mia tano. Nani ataniuzia gesi ya mia tano kwenye mtungi wangu?"

Kulikuwa pia na dereva wa bajaji ya gesi, lakini yeye alikuwa na mawili tu ya kusema: gesi ni nafuu sana kuliko petroli, na foleni yake inakula nusu ya siku. Kisha akaondoka kwenda kupanga foleni.

Sasa nawauliza kama nilivyoulizwa mimi. Kati ya hao, nani si mzalendo? Mimi niliwaangalia nikaona watu ambao wote wanalipa kodi, wote wana watoto shule ya hapahapa, na wote wakisikia Taifa Stars wamefunga wanaruka mpaka kahawa inamwagika. Wanatofautiana juu ya nishati kwa sababu kila mmoja nishati inamfikia kwa mlango tofauti. Mzee anaitazama kutoka kwenye historia, kijana kutoka kwenye duka, mama kutoka kwenye moshi.

Neno uzalendo limetumika vibaya kwenye habari za umeme na gesi kabla yangu, na kwa gharama kubwa kuliko aibu ya mtu mmoja mkutanoni. Mwaka 2013 watu wa Mtwara waliuliza kwa nini gesi ya Mnazi Bay isafirishwe kwa bomba mpaka Dar es Salaam kabla haijawasaidia wao. Walikuwa wanauliza swali ambalo mtu yeyote anauliza akiona lori linapakia mazao shambani kwake. Mjadala ule uliishia kwenye moto, askari na misiba. Bomba likajengwa, likakamilika 2015, na mimi hapa nimekula matunda yake kila siku, maana mitambo ya umeme ya Kinyerezi inapumua gesi hiyo. Taa ninayoandikia barua hii ina deni Mtwara. Ndiyo maana sipendi kusikia mtu akiambiwa hana uchungu na nchi kwa kuwa ameuliza gesi inaenda wapi.

Mwaka 2018, bwawa la Rufiji likiwa bado kwenye makaratasi, naibu waziri mmoja alisema bungeni kwamba wanaoupinga mradi watafungwa. Walikuwepo waliokuwa wanauliza kuhusu hifadhi ya Selous, wengine kuhusu wakulima na wavuvi wa mpunga na kamba kule chini, karibu na delta. Maswali yale hayakuzuia zege hata ndoo moja. Mafuriko yalipokuja Rufiji na Kibiti mwaka 2024, watu wakarudi kuuliza yaleyale, safari hii wakiwa wamesimama kwenye maji. Serikali ilisema bila bwawa hali ingekuwa mbaya zaidi, na inawezekana kabisa. Lakini maelezo ya namna hiyo yanamezeka vizuri zaidi yakitolewa mapema kwa mtu ambaye hakuwahi kutishiwa jela.

Mzee wetu ana mzaha wake kuhusu vyura wa Kihansi. Anasema vyura wale walipata viza ya Marekani kabla ya Mtanzania yeyote wa Buguruni. Ni kweli walipanda ndege. Chura huyo mdogo wa rangi ya dhahabu aligunduliwa mwaka 1996, ujenzi wa mtambo wa umeme wa Kihansi ukiwa umeshaanza. Alikuwa anaishi kwenye manyunyu ya maporomoko tu, na maji yalipoelekezwa kwenye mitambo manyunyu yakakauka. Mwaka 2000 wakachukuliwa kama mia tano kupelekwa kwenye bustani za wanyama Marekani. Kule korongoni kukafungwa mabomba ya kunyunyiza maji kuigiza maporomoko. Mwaka 2009 wakatangazwa wametoweka porini, na 2012 wakaanza kurudishwa. Leo Kihansi inatoa megawati 180 na chura yupo, japo kwa kulelewa. Mzee anaona ule wote ni upuuzi wa Wazungu. Mimi nikiwa fundi naona jambo moja: kurekebisha waya ukuta ukiwa umeshapigwa plasta kunagharimu mara kumi. Aliyeuliza habari za chura mapema angetuokolea fedha, na pengine naye angeitwa msaliti.

Na fimbo hiyo, Waheshimiwa, haichagui mgongo. Machi 2025 Rais aliposema tutanunua umeme wa Ethiopia kwa ajili ya mikoa ya kaskazini, kupitia Kenya, kelele zilikuwa zilezile. Tuna bwawa letu, tunanunuaje kwa jirani? Uzalendo uko wapi? Kijiweni kwetu mzee alikasirika mpaka akasusa kahawa. Nikajikuta mimi, niliyeitwa si mzalendo, ndiye ninayeitetea serikali. Nikawaeleza kwamba umeme unasafiri kama maji kwenye bomba refu lenye matone: ukiutoa kusini mashariki mpaka Arusha na Moshi, kuna unaobaki njiani kama joto. Serikali ilisema hasara ya njia hiyo ni kama shilingi bilioni 32 kwa mwaka. Kununua karibu na mtumiaji na kuuza kwingine unakozidi ni akili ya kawaida. Wenye maduka Kariakoo wanaifanya kila siku. Lakini kuna aliyetusikiliza? Mlikuwa mmeshatufundisha kwamba umeme ni bendera, na bendera mtu hainunui kwa jirani.

Hayo ya Richmond na Escrow, kashfa za mikataba ya umeme, sitayachimba, kila mtu ana yake. Nikumbushe tu kwamba mwaka 2008 waziri mkuu alijiuzulu kwa sababu kamati ya Bunge iliuliza maswali makali kuhusu mkataba wa umeme wa dharura. Hakuna wimbo wa kusifu ulioibua ile habari.

Sasa nije kwenye mita ya LUKU, hii ya kununua umeme kwanza ndipo uutumie, maana hapa ndipo penye mambo, na hapa ndipo nataka mnisikilize kuliko pengine popote.

Nyumba ninayopanga ina vyumba sita na mita moja. Hii ni Dar es Salaam ya kawaida, si kisa cha ajabu. Ukutani, karibu na mita, kuna daftari limening'inizwa kwa kamba ya kandambili. Kila anayenunua umeme anaandika jina la chumba, tarehe na kiasi. Chumba namba mbili wana friji, na friji hiyo imeshavunja urafiki mwingi kuliko siasa. Chumba namba sita wanasema wao wana taa moja tu na simu, kwa nini wachangie sawa? Namba tano hupiga pasi usiku watu wakiwa wamelala. Mimi niko namba nne, na kwa kuwa ni fundi, nimekuwa hakimu bila kuapishwa.

Bei za umeme wa majumbani mnazijua, zipo tangu 2016. Mwenye matumizi madogo, yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi, anauziwa uniti kwa shilingi 100. Akivuka, kila uniti ya juu ya hapo ni 350. Mtumiaji wa kawaida analipa 292. Juu yake ongeza VAT asilimia 18, REA, wakala wa nishati vijijini, asilimia 3, na EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za nishati, asilimia 1. Kwa hiyo mnyonge mwenye mita yake anapata uniti kwa shilingi 122, na mtumiaji wa kawaida kwa shilingi 356. Ndiyo maana elfu kumi ya mmoja inatoa uniti karibu 82 na elfu kumi ya mwingine inatoa 28.

Nia ilikuwa nzuri: maskini alipe kidogo. Lakini mita haijui kuna watu wangapi nyuma ya ukuta. Chukueni vyumba vyetu sita, kila kimoja kitumie uniti 20 tu kwa mwezi, matumizi ya mtu wa taa, feni na redio. Jumla ni uniti 120. Mita inaona mtu mmoja mwenye matumizi makubwa, inatupandisha daraja, tunalipa zaidi ya shilingi 42,700. Kila chumba kingekuwa na mita yake, uniti zilezile, sote sita tungelipa shilingi 14,640. Tofauti ni shilingi elfu 28 kila mwezi, inatoka kwenye vyumba sita vya watu wanaohesabu nauli ya daladala. Wakati huohuo, bwana mmoja anayeishi peke yake kwenye nyumba yake, anayeshinda kazini na kupikiwa hotelini, ananunua uniti kwa bei ya mnyonge.

Suluhisho la kila chumba kuwa na mita yake lipo, ila kuunganishwa mjini ni shilingi 320,960, na mpangaji hawekezi mita kwenye nyumba ya mtu.

Halafu kuna kodi ya majengo. Tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, na sasa ni shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba kama yetu. Inakatwa kwa yule anayenunua umeme wa kwanza wa mwezi, hivyo tarehe moja nyumba nzima inageuka kuwa na watu wenye subira ya ajabu. Nani ataanza? Watu wanakaa gizani saa nzima wakisubiri mwingine ashindwe. Kisheria kodi ni ya mwenye nyumba, na tuliambiwa tumalizane naye wenyewe. Wetu anakaa Kigamboni. Tulipomkumbusha alisema tutaongea Desemba. Desemba gani, hakusema.

Nayasema haya kwa sababu kule kwenye mkutano nilitakiwa nioneshe uzalendo wangu uko wapi. Basi mwaka jana ulikuwa kwenye ile 1,500, mara nyingi nikiitoa mimi, kwa nyumba isiyo yangu.

Juu ya kupika. Mkakati wa nishati safi ya kupikia upo, 2024 mpaka 2034, na lengo ni asilimia 80 ya Watanzania waachane na kuni na mkaa. Rais amelisimamia jambo hili mpaka Paris. Naliunga mkono kwa mapafu yangu yote, na mke wangu kwa yake. Nilinunua jiko la umeme la presha, nikafanya majaribio kwa tabia yangu ya ufundi: nusu kilo ya maharage makavu, nikasoma mita kabla na baada. Yaliiva laini kwa chini ya nusu uniti. Hata kwa bei yetu ya 356, hiyo ni chini ya shilingi 180. Mkaa wa kuivisha maharage yale kwa mama wa chipsi unazidi hapo.

Nikaenda kumwambia kwa furaha. Akaniuliza: "Mita ya nani?" Yeye mita yake ni ya bei ya chini. Anatumia uniti kama 60 kwa mwezi. Akianza kupikia umeme atavuka 75, na uniti za juu ya hapo zitamjia kwa zaidi ya shilingi 420 kila moja zikiwa na kodi. Akiendelea hivyo mwezi baada ya mwezi, daraja lenyewe atalipoteza, na hata ile balbu ya sebuleni itaanza kulipiwa kwa bei ya wenye nazo. Mkono mmoja wa serikali unamwambia mama acha mkaa, mkono mwingine unamchapa akiuacha. Huyo mama hapingi nishati safi. Amepiga hesabu tu, na hesabu yake ni sahihi kuliko mabango yenu.

Ndiyo maana naogopa amri za marufuku. Mapema mwaka 2006 mkaa ulipigwa marufuku, na waliokuwepo wanakumbuka katazo lile halikudumu, maana ubwabwa hausubiri tangazo. Taasisi kubwa zinazolisha watu wengi kuambiwa ziache kuni, sawa, zina bajeti na wahasibu. Mitungi midogo ya ruzuku ya REA imesaidia, nimeiona mitaani. Lakini mama huyu mwacheni aamue mwenyewe saa na siku ya kuzima jiko lake la mkaa, na kazi yenu iwe kulifanya jiko la umeme liwe kitu ambacho ni ujinga kukikataa. Mpandishieni ukomo wa uniti anayepikia umeme. Hesabuni vyumba, msihesabu mita. Mmeshahesabu watu na makazi mwaka 2022, takwimu mnazo.

Kuhusu sola niseme ukweli hata kama unaniharibia biashara. Kijana wa duka la simu anaiita uhuru. Mimi nimeshusha kwenye mabati ya mji huu paneli bandia nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka, zimeandikwa wati 200 zinatoa 70. Masika ya Aprili ikikaza, betri zinalia ndani ya siku mbili. Na betri zikifa, uhuru unarudi dukani kuomba bei. Kwa hiyo mzee ana hoja: gridi ni ndoa ya watu wengi, na watu wengi hupunguza hatari ya kila mmoja. Lakini kijana naye ana hoja, kwa kuwa paneli zake saa saba mchana zinazalisha kuliko anavyotumia, na ziada inaishia hewani wakati saluni ya jirani inapambana na umeme hafifu. Mwekeeni utaratibu mwepesi, wa Kiswahili, wa kurasa mbili, aweze kuiingiza ziada ile kwenye waya na kuhesabiwa kwenye LUKU yake. Hapo mzee hatamwita msaliti, maana atakuwa anachangia bwawa kutoka juu ya bati.

Nirudi kwenye transfoma. Tarehe 1 Aprili 2024 gridi nzima ilianguka. Mwezi huohuo tukaambiwa vituo vitano vya kuzalisha umeme wa maji vimezimwa kwa kuwa umeme umezidi mahitaji. Watu waliona ni kichekesho au uongo. Fundi haoni uongo hapo. Kuwa na umeme mwingi Rufiji na giza Buguruni ni mambo mawili yanayokaa pamoja bila shida, kama kuwa na tenki kubwa juu ya nyumba na koki iliyoziba jikoni. Koki yenyewe ni transfoma, nguzo zilizochoka na nyaya zilizounganishwa mara saba. Nilichouliza kilikuwa hicho. Kilikuwa swali la mtu anayetaka lile bwawa limfikie.

Wiki ya uchaguzi, Oktoba 2025, intaneti ilipozimwa na sisi wa Dar es Salaam tukaambiwa kuanzia saa kumi na mbili jioni kila mtu awe ndani, kijiwe kilikuwa kitupu. Benchi mbili na ubao wa bao. Umeme haukukatika hata mara moja usiku ule, transfoma ilitulia kwa kuwa saluni zilifungwa. Taa zote zilikuwa zinawaka na hapakuwa na mtu wa kubishana naye. Sikuwahi kufikiri nitamkumbuka mzee akiniita mlalamishi.

Katiba, Ibara ya 18, inanipa haki ya kuwa na maoni na kuyatoa. Haikuweka sharti kwamba maoni yawe ya kupongeza, na haikutenga maoni kuhusu KVA. EWURA huitisha mikutano ya taftishi, ya kukusanya maoni ya wananchi, bei zinapotaka kubadilishwa, jambo zuri, lakini hufanyika ukumbini siku za kazi asubuhi, saa ambazo mimi niko juu ya ngazi na mama yuko sokoni Ilala akichagua viazi. Ileteni chini ya mwarobaini, Jumamosi. Waleteni wahandisi, maana wahandisi huulizana maswali magumu siku nzima na hakuna anayemwambia mwenzake hana nchi.

Mkutano wetu ujao wa mtaa umeshatangazwa. Nitanyoosha mkono tena. Nimepima mzigo wa ile njia kwa siku kumi na nne mfululizo, kila saa moja jioni, na namba zote zipo kwenye lile daftari la kandambili, kurasa za nyuma, baada ya madeni ya friji. Atakayetumwa kuja aje na jibu la transfoma.

Ni mimi,
Fundi umeme,
mpangaji, chumba namba nne.

Nakala:
Kijiwe cha kahawa, kwa mkono wa mzee.
Chumba namba mbili, ibandikwe kwenye friji.
Mwenye nyumba, Kigamboni.